Kauli ya kutendwa katika Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji anayekimudu Kiswahili na anayeandika Kiingereza kwa ajili ya mtihani, kazi au masomo. Kanuni moja inarudi karibu kila mahali, kwa hiyo ishike mapema: katika Kiingereza, kinachoweza kuwa kiima cha sentensi ya kutendwa ni kile tu ambacho kingekuwa shamirisho, au yambwa kama wengine wanavyoiita, katika sentensi ya kutenda. Vitenzi vya Kiswahili vina uhuru mkubwa kuliko huo, na makosa mengi tunayoyaona yanatokana na kuuhamishia uhuru wetu kwenye lugha isiyoukubali.

## Msingi

1. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza inaundwaje?

Kiswahili humaliza kazi ndani ya kitenzi: andika ikawa andikwa, soma ikawa somwa. Kiingereza hakina kiambishi cha aina hiyo. Kinahitaji angalau maneno mawili: kitenzi kisaidizi *be* katika umbo linalofaa, kisha umbo la tatu la kitenzi kikuu, yaani lile la mwisho katika orodha ambazo wanafunzi hukariri: *write, wrote, written*.

*The clerk wrote the letter*: karani aliandika barua. *The letter was written by the clerk*: barua iliandikwa na karani. *Was* ndiyo inayobeba wakati na kupatana na kiima. *Written* haibadiliki, uwe wakati uliopita, uliopo au ujao. Ukiandika *The letter was wrote* umechukua umbo la pili mahali pa la tatu. Ukiandika *The letter written yesterday* na kuweka nukta, umeacha *be*, na hapo hakuna sentensi kamili.

2. Nifuate hatua gani kugeuza sentensi ya kutenda?

Chukua *The mechanics are repairing the bus*. Kwanza uliza mafundi wanatengeneza nini. Jibu, *the bus*, ndilo shamirisho, nalo linakwenda mwanzoni. Pili, tambua wakati: *are repairing* ni tendo linaloendelea sasa. Tatu, weka *be* katika wakati huohuo, lakini uipatanishe na kiima kipya. Basi ni moja, kwa hiyo ni *is being*. Nne, weka umbo la tatu, *repaired*. Mwisho, amua kama mtendaji anahitajika (tazama swali la 5). Unapata *The bus is being repaired*.

Hatua ya tatu ndiyo inayoangusha wengi. Mmoja hubaki na *are* ya mafundi. Mwingine huacha *being* na kuandika *The bus is repaired*, ambayo msomaji ataielewa kuwa basi hutengenezwa kwa kawaida, au limeshatengenezwa. Viwakilishi navyo hubadilika: *They saw her* inakuwa *She was seen*, na mtendaji *he* akiwekwa baada ya *by* anakuwa *him*.

3. Nyakati zote zinakuwaje?

- *The workers are paid*: wafanyakazi hulipwa
- *The workers are being paid*: wanalipwa sasa hivi
- *The workers were paid*: walilipwa
- *The workers were being paid*: walikuwa wakilipwa
- *The workers have been paid*: wamelipwa
- *The workers had been paid*: walikuwa wamelipwa
- *The workers will be paid*: watalipwa
- *The workers will have been paid*: watakuwa wamelipwa

Baada ya *can, must, should, may* na wenzao ni *be* tupu: *The workers must be paid*. Kamwe si *must been* wala *must are*.

*Been* na *being* husikika karibu sawa, na ndiyo maana huchanganywa katika maandishi. *Been* hufuata *have, has* au *had*. *Being* hufuata *am, is, are, was* au *were*. Ukitazama neno lililotangulia hutakosea.

Kuna sentensi moja isiyogeuka vizuri: *They have been building the road for two years*. Kinadharia ingekuwa *has been being built*, lakini karibu hakuna anayeandika hivyo. Andika *The road has been under construction for two years*.

4. Je, kila sentensi yenye *is* au *was* ni ya kutendwa?

Hapana. *The children were playing* ni ya kutenda, kwa sababu watoto ndio wanaocheza. *Be* ikifuatwa na kitenzi chenye *-ing* tupu, kiima ndicho kinachotenda. *There were many people* haina kutendwa kokote. Na kutendwa hakumaanishi wakati uliopita: *Tea is grown in Kericho* ni kutendwa, na ni wakati uliopo.

Kwenye mzizi huohuo kuna kosa la *I am boring* kwa mtu anayetaka kusema amechoshwa. *Bored* ni aliyechoshwa, *boring* ni anayechosha wengine. Vivyo hivyo *interested* na *interesting*, *confused* na *confusing*.

## Mtendaji na vihusishi

5. Ni lini niweke *by*?

Mara chache kuliko unavyodhani. Mazoezi ya shuleni hudai *by* kila mara ili mwalimu aone umegeuza sentensi nzima, na mtihani ukidai hivyo, iweke. Katika maandishi ya kawaida, sentensi nyingi za kutendwa hazimtaji mtendaji. *By someone, by people* na *by them* hazimwongezei msomaji chochote, zifute. *The thief was arrested by the police* inaweza kubaki *The thief was arrested*, kwani polisi ndio wanaotazamiwa kukamata.

Iweke pale mtendaji anapokuwa ndiye habari yenyewe: *Fort Jesus was built by the Portuguese*. Ukimwondoa Mreno hapo, sentensi haijasema kitu.

6. Kwa nini wakati mwingine ni *with*, *of* au *in* badala ya *by*?

Kwa sababu *by* ni ya mtendaji, na *with* ni ya chombo alichotumia. Kiswahili hutenganisha vilevile kwa maneno mawili, "na" kwa mtendaji na "kwa" kwa chombo: mlango ulifunguliwa na mlinzi kwa ufunguo, *The door was opened by the guard with a key*. Anayeandika *was opened by a key* amefanya ufunguo uwe mtendaji.

Kinachosumbua ni zile na za Kiswahili zisizoleta mtendaji. Umejaa na maji ni *filled with water*. Imefunikwa na vumbi ni *covered in dust* au *covered with dust*. Meza ya mbao ni *made of wood*, maana mbao bado unaiona. Mkate ni *made from flour*, maana unga umeshageuka kitu kingine. Anajulikana na watu wote kwa ukarimu wake ni *He is known to everyone for his generosity*: *to* kwa wanaomjua, *for* kwa sababu ya kujulikana.

## Mitego ya anayefikiri kwa Kiswahili

7. Kwa nini *I was stolen my phone* ni kosa, ilhali nimeibiwa simu ni sahihi?

Hili ndilo kosa tunalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na chanzo chake kinaonekana wazi ukifungua kitenzi. Kiswahili husema mwizi aliniibia simu. Kiambishi -i- katika ibia kinaniingiza mimi niliyeathirika kama shamirisho, kwa hiyo nina haki ya kuwa kiima: nimeibiwa. *Steal* haina nafasi hiyo. Kwa Kiingereza mwizi *stole my phone*. Shamirisho ni simu peke yake, na simu peke yake ndiyo inayoweza kusimama mwanzoni: *My phone was stolen*. Ukisema *I was stolen*, umesema mwizi alikubeba wewe.

Dawa ni fupi. Ukiona Kiswahili chako kina kutendewa pamoja na kitu cha mtu, anza na *my*, *his* au *their*, kisha kitu chenyewe. Nimekatiwa maji: *My water was cut off*. Amefutiwa matokeo: *His results were cancelled*. Tumecheleweshewa mishahara: *Our salaries were delayed*. Unaweza pia kusema *I had my phone stolen* (tazama swali la 16).

*I was robbed* ni sahihi, kwa sababu *rob* humchukua mtu kama shamirisho. Lakini *rob* inabeba nguvu au vitisho, karibu na kunyang'anywa. Unapoandika maelezo ya bima au ya polisi, usiseme *robbed* kama simu ilichomolewa mfukoni bila wewe kujua.

8. Na nimefiwa, nimenyeshewa, nimeharibikiwa?

Kufa, kunyesha na kuharibika havina shamirisho, lakini Kiswahili kinavipa kutendewa bila shida. Kiingereza kinakataa, hivyo badilisha sentensi nzima. Amefiwa na mjomba: *She lost her uncle* au *Her uncle died*. Niliharibikiwa na gari Chalinze: *My car broke down at Chalinze*. Nimenyeshewa ina bahati: *I was rained on* inakubalika, kwa sababu *on* imeleta shamirisho. Ukiacha *on*, imevunjika.

9. Kauli ya kutendeka, kama vunjika na funguka, niiandikeje?

Hapa hakuna njia moja. Kiswahili hutofautisha kioo kimevunjwa, ambapo kuna mtu aliyefanya, na kioo kimevunjika, ambapo hatumtafuti mtu. Kwa vitenzi kama *break, open, close, burn, tear*, Kiingereza hutumia kauli ya kutenda kwa kutendeka: *The glass broke*, *The door opened*. Kutendwa, *The glass was broken by the boys*, kunarudisha mtendaji. Umeme umekatika ni *The power has gone off*. Ukiandika *The power has been cut*, msomaji ataanza kuuliza ni nani aliyekata.

Pengine hali inayobaki huelezwa kwa *be* na umbo la tatu: barabara imeharibika, *The road is damaged*. Kutendeka kwa maana ya kuwezekana huchukua kivumishi au *can be*: mwandiko huu hausomeki, *This handwriting is illegible* au *cannot be read*, bidhaa zinapatikana, *The goods are available*. Mkutano utafanyika kesho ni *will be held* au *will take place*. Usichanganye hizo mbili ukapata *will be taken place*.

10. Kwa nini *The accident was happened* si sahihi?

*Happen* haina shamirisho, kwa hiyo hakuna cha kupeleka mwanzoni. Andika *The accident happened*. Kundi hilo lina *occur, die, arrive, appear, disappear, exist, belong, consist*. *The committee is consisted of five members* ni kosa. Ni *consists of*.

Vingine vina shamirisho lakini bado havikubali kutendwa, kwa kuwa havielezi tendo: *have, lack, resemble, cost, fit, suit*. *A car is had by him* haisemwi na mtu yeyote.

11. Nilielezwa: je, niandike *I was explained*?

Usiandike. Eleza ya Kiswahili hukubali mtu kama shamirisho. *Explain* hukubali jambo tu, na mtu huja na *to*. Sahihi ni *The rules were explained to me*. Walio katika kundi hili ni *say, suggest, describe, announce, mention, report*. Nilipendekezewa nirudi kesho ni *It was suggested to me that I come back the next day*.

Kundi la pili hukubali mtu moja kwa moja: *tell, teach, give, show, offer, send, pay, promise, ask*. Kwa hiyo *I was told the rules* ni sahihi, na ndiyo njia ya mkato unapokwama na *explain*. Vitenzi vya kundi hili vina mashamirisho mawili, kipozi (kitu au jambo lenyewe) na kitondo (mtu anayelipokea), na mara nyingi lolote linaweza kuwa kiima: *I was given a receipt* au *A receipt was given to me*. Katika mazungumzo na barua, anza na mtu. Kuanza na risiti kunafaa kama risiti ndiyo inayojadiliwa.

12. Kuzaliwa na kuolewa vina tatizo gani?

Amezaliwa mwaka 1998 humvuta mwandishi kwenye *has been born* au *is born*. Ukitaja mwaka au mahali pa mtu, ni *was born*: *She was born in Tanga in 1998*. *I born in Tanga* imekosa *be*.

Katika ndoa, Kiswahili humpa mwanamume kuoa na mwanamke kuolewa. *Marry* haitofautishi: *Asha married Juma* na *Juma married Asha* zote ni sawa. Hali ya ndoa ni *Asha is married to Juma*, kwa *to*. *Asha was married by Juma* itaeleweka kuwa Juma ndiye aliyefungisha ndoa, kama kadhi, padri au msajili.

## Kuitumia vizuri

13. Ni kweli kwamba kauli ya kutendwa ni uandishi mbaya?

Sivyo. Ushauri huo una mizizi ya kweli lakini umepanuliwa kupita kiasi. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliwaonya waandishi wasitumie kutendwa pale wanapoweza kutumia kutenda, nayo insha hiyohiyo ina sentensi nyingi za kutendwa. Leo programu za kusahihisha sarufi hupigia mstari karibu kila *was written* inayopita. Mstari huo ni swali la kuulizwa. Si lazima uwe kosa.

Jiulize mambo mawili. Je, msomaji anahitaji kujua nani aliyetenda? Na je, sentensi iliyotangulia ilikuwa inazungumzia nini? Tazama: *Fort Jesus stands at the entrance to Mombasa's old harbour. It was built by the Portuguese in the 1590s, was captured by Omani forces in 1698 and was declared a World Heritage Site in 2011.* Ngome ndiyo mada, na kutendwa kunaiacha ibaki mbele ya macho ya msomaji. Ukizigeuza zote ziwe za kutenda, utaruka kutoka Wareno hadi Waomani hadi UNESCO, na ngome itapotea.

Kutendwa huwa kubaya pale kunapomficha mtu anayepaswa kuwajibika. Mwaka 1987, Rais Ronald Reagan alipolihutubia Bunge la Marekani na kugusia mauzo ya silaha kwa Iran, alikiri kwamba *mistakes were made*. Nani aliyafanya? Sarufi haikumlazimisha kusema. Barua ya ofisi isemayo *Your file was misplaced* inafanya vivyo hivyo. Kama ni kosa la ofisi yako, andika *We misplaced your file*. Hapa tuna msimamo: anayeomba radhi kwa kauli ya kutendwa bado hajaomba.

14. Inafaa zaidi katika maandishi gani?

Ripoti ya maabara: *The solution was heated to 80°C and left to cool*. Aliyepasha si muhimu, ni hatua tu. Hata hivyo, baadhi ya majarida ya sayansi, *Nature* likiwemo, huwahimiza waandishi waseme *we* inapowezekana, kwa hiyo soma mwongozo wa jarida kabla ya kutuma. Inafaa pia katika habari za polisi na mahakama, *Two men were arrested*, na matangazo kama *Goods once sold cannot be returned*.

Katika wasifu wa kazi, ipunguze. *I was tasked with managing stock* haielezi kama kazi uliifanya. *I managed stock* inaeleza.

15. Mbona vichwa vya habari havina *be*?

Magazeti hukata *be* ili kuokoa nafasi. *Two arrested in Mombasa* ni *Two people have been arrested*, si kwamba wawili walimkamata mtu. Ndani ya habari yenyewe, *be* inarudi. Usiige mtindo huo kwenye insha.

## Hali zisizo za kawaida

16. *I cut my hair* na *I had my hair cut* zina tofauti gani?

Ya kwanza inaeleweka kuwa ulijikata mwenyewe. Ukinyolewa kwa kinyozi ni *I had my hair cut*. Muundo ni *have*, kitu, kisha umbo la tatu: *We had the roof repaired*, *She is having a dress made*. Mpangilio ni muhimu sana, kwani *We had repaired the roof* inamaanisha tulikuwa tumeshaitengeneza wenyewe.

17. Naweza kutumia *get* badala ya *be*?

Katika mazungumzo, ndiyo: *He got fired*, *I get paid on Friday*. Mara nyingi inabeba jambo la ghafla au la bahati mbaya. Katika mtihani, barua rasmi na ripoti, rudi kwenye *be*.

18. Kitenzi chenye kihusishi hugeuzwaje?

Kihusishi hakiachwi nyuma. *Thieves broke into the house* inakuwa *The house was broken into*. *Her grandmother looked after the child* inakuwa *The child was looked after by her grandmother*, ambapo *after* na *by* zinafuatana bila tatizo. *He was laughed by his friends* imekosa *at*.

19. Inasemekana niiandikeje?

Kwa njia mbili: *It is said that he owns three hotels*, au *He is said to own three hotels*. Kama jambo limeshapita, ya pili huchukua *to have*: *He is said to have left the country*. *It is alleged that* ni kwa madai ambayo hayajathibitishwa, na ndiyo waandishi wa mahakamani wanayoitegemea.

20. Kwa nini *to* hurudi katika *He was made to wait*?

Katika kutenda, *make* na *see* hufuatwa na kitenzi bila *to*: *They made him wait*, *They saw him leave*. Katika kutendwa, *to* ni lazima: *He was made to wait*, *He was seen to leave*. *Let* haina njia hiyo. Tumia *allow*: *He was allowed to go*.

21. Maswali na amri je?

Katika swali, *be* au kisaidizi cha kwanza hutangulia kiima: *Was the letter sent? Has the fee been paid?* *Who wrote this?* inakuwa *Who was this written by?* Mitihani mingine bado hupenda *By whom was this written?*, ambayo ni sahihi lakini nzito.

Amri *Close the door* hugeuzwa kwenye mazoezi kuwa *Let the door be closed*. Ukiulizwa mtihanini, jibu hivyo. Nje ya mtihani, tangazo la mlangoni huandikwa *This door must be kept closed*.